Bekapu ya kompyuta ya shoo: sauti ikikwaruza, klone ikigoma kuwaka, rekodi ikifunguka tupu

Kabla hujagusa chochote, jiulize: shoo inaendelea? Kama inaendelea, acha kutafuta chanzo. Simamisha bekapu, zima Wi-Fi, toa diski ya nje kwa utaratibu wake, na kama mashine imezimika kabisa hamia kwenye ya akiba, hata kama akiba yenyewe ni simu yenye treki za stereo iliyochomekwa kwenye chaneli mbili za mikisa. Uchunguzi ni kazi ya baadaye, watu wakishaondoka. Diski nyingi zilizonusurika hitilafu ya kwanza zimemalizwa na fundi mwenye haraka.

Kompyuta ya shoo, yaani inayocheza au kurekodi sauti jukwaani, ina masharti ambayo ya ofisini haina. Bafa, yaani fungu la sauti linalopewa prosesa kwa mkupuo mmoja, ikiwa sampuli 128 kwenye 48 kHz, prosesa ina takriban milisekunde 2.7 kumaliza kila fungu la sauti kabla ya lingine kufika. Ya ofisini ikikwama nusu sekunde hakuna anayejua. Hii ikikwama kiasi hicho, ukumbi mzima unageuka kukutazama. Tena ya ofisini ikifa, hata kesho kutwa si mbaya kuirudisha. Wewe una muda wa wimbo mmoja, ukibahatika miwili. Kwa hiyo tatizo lolote la bekapu liweke kwanza kwenye fungu lake: ama bekapu inaivuruga shoo, ama bekapu haisaidii siku inapoitwa. La kwanza utalisikia leo leo. La pili hukaa kimya mpaka diski ife, ndiyo maana hapa limepewa nafasi kubwa zaidi.

## Sauti inakatika au inakwaruza

Tazama saa. Kukatika kukija kwa mpangilio, sema kila baada ya saa moja, mshukiwa wa kwanza ni bekapu ya mfumo wenyewe. Time Machine ya Mac hunakili kila saa isipobadilishwa, na File History ya Windows ni hivyo hivyo. Kwenye Mac fungua Activity Monitor, kichupo cha Disk, upange kwa kiasi kilichoandikwa. Ukiona jina "backupd" limekaa juu, umeshampata. Kuanzia macOS Ventura unaweza kuiambia Time Machine inakili unapoagiza tu, na kwa mashine ya jukwaani huo ndio mpangilio pekee ninaoukubali. Kwenye Windows tumia Resource Monitor kwa namna hiyo hiyo, na LatencyMon ikuoneshe draiva ipi inachelewesha prosesa.

Kukatika kukija bila mpangilio, geukia huduma za kusawazisha: OneDrive, Dropbox, iCloud, Google Drive. Hizi hazifuati saa. Zinaamka faili inapobadilika, na faili ya rekodi inabadilika muda wote. Treki 32 za biti 24 kwenye 48 kHz ni MB 4.6 kila sekunde, yaani karibu GB 16.6 kwa saa, na huduma inajitahidi kuusoma mzigo wote huo na kuupandisha mtandaoni wakati wewe bado unaandika. Wengi hawajui kama folda zao zimo humo, kwa sababu OneDrive na iCloud zikiruhusiwa huchukua Desktop na Documents bila kelele. Weka miradi na rekodi nje ya folda hizo kabisa, kwenye folda uliyoitengeneza mwenyewe kwenye mzizi wa diski.

Yuko mchawi mwingine, na huyu ndiye anayewasumbua hata mafundi makini. Umepanga bekapu ifanyike saa tisa usiku. Umefanya vizuri. Ila saa tisa usiku kompyuta imezimwa, imo ndani ya kasha, ndani ya gari. Kwenye Task Scheduler ya Windows kuna kisanduku kinachosema kazi iliyopitwa na muda wake ianze mara mashine itakapopatikana, na programu nyingi za bekapu zina chaguo la aina hiyo ndani yake. Kikiwa kimetiwa tiki, bekapu ya saa tisa usiku itaanza dakika chache baada ya kuwasha mashine, yaani katikati ya kupima sauti. Utahangaika na kebo, utabadilisha bafa, utailaumu plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti), na baada ya muda hali itatulia yenyewe bila wewe kujua kilichotokea. Fungua kila kazi iliyopangwa, uondoe tiki hiyo. Afadhali zaidi: usipange saa kabisa. Iwe ni kitu unachobonyeza mwenyewe baada ya kazi, kabla ya kufunga kasha.

Usijidanganye kwamba diski ikiwa ya kasi basi bekapu inaweza kwenda sambamba na shoo. Programu za Windows zinazopiga picha ya diski ikiwa inatumika hutegemea huduma ya VSS, na huduma hiyo husimamisha uandishi kwa kitambo kidogo ili picha isipatikane nusu nusu. Kitambo hicho kwa mtu anayeandika barua si kitu. Kwa rekodi ya treki 32 ni pengo.

Kama diski ni ya sahani zinazozunguka, sauti yenyewe inaweza kuwa ndiyo chanzo. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja, na kichwa chake kinafuata mstari mwembamba mno. Kikitikiswa kinakosa mstari na kungoja sahani izunguke tena. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg alionesha jambo hili kwa kuzipigia kelele diski za seva, na grafu ya ucheleweshaji ikapanda papo hapo. Sasa fikiria spika ya besi iliyo mita moja kutoka kwenye meza yako. Ujumbe wa "diski haiwahi" ukitokea kila kiki (ngoma kubwa ya mguu) inapogonga kwa nguvu, sogeza diski mbali na besi au uiweke juu ya sponji, kisha upange kuhamia SSD.

Kuna pia diski ya pili inayolala. Mfumo umeambiwa uizime isipotumika, nawe umeweka humo sampuli za piano. Mpiga kinanda akigusa sauti ambayo haijaguswa tangu mwanzo wa shoo, diski inaamka polepole na kila kitu kinaganda. Ondoa usingizi wa diski na wa milango ya USB kwenye mipangilio ya umeme.

## Tableti inayoendesha mikisa inapotea hewani

Inatokea tu diski ya nje ikiwa imechomekwa? Basi chanzo karibu hakika ni USB 3. Intel ilieleza waziwazi mwaka 2012 kwamba vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye eneo la 2.4 GHz, ambako Wi-Fi nyingi na baadhi ya maiki zisizo na waya hufanyia kazi. Diski ikikaa sentimita chache kutoka kwenye ruta au risiva, mawasiliano yanadhoofika. Tumia kebo fupi yenye kinga nzuri, tenganisha diski na antena, hamishia tableti kwenye 5 GHz. Au tuseme ukweli: diski ya bekapu haina kazi yoyote mezani wakati wa shoo.

Vivyo hivyo kwa muungurumo unaoingia kwenye spika unapochomeka diski yenye adapta yake ya umeme. Umetengeneza mzunguko wa ardhi (ground loop). DI (kisanduku cha kupitishia sauti kwenda mikisa) yenye transfoma kati ya kompyuta na mikisa itaukata, lakini kuchomoa ni rahisi zaidi.

## Bekapu inaanza kwa kasi kisha inazama

Angalia kebo kabla ya kulaumu diski. Kebo nyingi za USB-C zinazokuja na simu ni za kuchajia, na ndani yake data inapita kwa USB 2.0 tu: megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, MB 35 hadi 40 kwa uhalisia. GB 500 kwa mwendo wa MB 40 ni takriban saa tatu na nusu. Kwa MB 400 ni kama dakika 21. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafanya bekapu baada ya shoo au utasema "nitaifanya kesho".

Kama kasi ilikuwa nzuri mwanzoni ikaporomoka baadaye, SSD ya bei nafuu imejaza sehemu yake ya haraka na sasa inaandika moja kwa moja kwenye seli za polepole, au imepata joto na kujipunguzia mwendo. Ipe hewa, iache ipumzike, iendelee. Diski za sahani za teknolojia ya SMR, ambazo mistari yao ya data hupandiana, nazo zina tabia hiyo na mbaya zaidi. Sizipendekezi hata kwa bekapu ya pili.

## Klone haiwaki

Klone ni nakala kamili ya diski nzima, inayotarajiwa kuwaka badala ya diski mama. Hapa ndipo watu wengi hugundua kwamba walichokuwa nacho hakikuwa bekapu. Nenda hatua kwa hatua.

Kwanza, unajaribu kuiwasha kupitia USB? Windows ya kawaida iliyoklonwa haikutengenezwa kuwaka kutoka diski ya nje ya USB, hivyo kushindwa kwake hakuthibitishi ubovu. Fungua mashine, toa diski ya zamani, weka klone mahali pake, ndipo ujaribu. Kompyuta ambayo diski yake imegandishwa kwenye ubao mkuu wa mashine haifai kwa mpango huu. Kwake panga mashine ya pili.

Pili, diski zote mbili zimo ndani kwa wakati mmoja? Klone kamili inabeba hata utambulisho wa diski mama, na Windows haikubali diski mbili zenye utambulisho mmoja. Moja itaoneshwa "Offline" kwenye Disk Management, na hapo kidole kitakuwasha ubonyeze "Online". Usibonyeze. Ukibonyeza, Windows huiandikia diski hiyo utambulisho mpya, na inawezekana kabisa klone yako ikaacha kuwaka kuanzia dakika hiyo. Ukishamaliza kuklone, zima mashine, tenganisha diski, ndipo uwashe.

Tatu, ulinakili C: peke yake au diski nzima? Mashine za UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta) huwaka kupitia kizigeu (partition) kidogo cha EFI, chenye FAT32, ambacho hukioni kwenye File Explorer. Ukikiacha, umechukua nyumba ukasahau mlango. Rudia klone ukiwa umechagua vizigeu vyote; kama chanzo hakipo tena, washa kwa flashi ya usakinishaji wa Windows, tengeneza kizigeu cha EFI, na amri ya bcdboot itaandika upya faili za kuwashia. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ubao (BIOS), uchague "Windows Boot Manager" iliyo kwenye diski mpya.

Skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE maana yake Windows imeanza kuamka kisha ikakosa draiva ya kuiona diski yake yenyewe. Mara nyingi ni hali ya hifadhi kwenye mipangilio ya ubao: ilikuwa RAID au VMD wakati Windows inasakinishwa, sasa ni AHCI, au kinyume chake. Betri ndogo ya ubao ikifa, mipangilio hii hurudi ya kiwandani bila mtu kuigusa, kwa hiyo hata mashine ambayo haijafunguliwa inaweza kukutokea hivi. Irudishe ilivyokuwa. Kama umehama kutoka diski ya SATA kwenda ya NVMe, aina mpya zaidi ya muunganisho, kuwasha mara moja kwenye Safe Mode huilazimisha Windows kupakia draiva za hifadhi, na baada ya hapo huwaka kawaida.

Ikikuomba tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe huna habari. Ufunguo umo kwenye akaunti hiyo mtandaoni, yaani mahali ambapo huwezi kufika ukiwa nyuma ya jukwaa bila intaneti. Uchapishe, uweke ndani ya kasha, au uondoe ufungaji huo ukiona mashine haina siri zaidi ya treki za kwaya.

Kwenye Mac hali ni tofauti na inabidi uikubali mapema. Tangu macOS Big Sur, mwaka 2020, sehemu ya mfumo imetiwa muhuri, na kwenye Mac zenye chipu za Apple hata kuwasha kutoka diski ya nje kunahitaji diski ya ndani iwe nzima. Ya ndani ikifa, klone nzuri kuliko zote haitaiamsha mashine hiyo. Kwa hiyo mwenye QLab au MainStage, programu za shoo za Mac, asihesabu klone kuwa ndiyo kinga yake. Kinga yake ni Mac ya pili iliyoandaliwa, pamoja na nakala ya miradi kwenye diski ya nje.

## Imewaka, lakini plagini zinadai leseni

Programu kadhaa hufunga leseni kwenye utambulisho wa mashine, na baadhi huhesabu hata namba ya diski. Umebadilisha diski, kwao wewe ni mtu mpya. Dalili ni dirisha la kuingia akaunti, au plagini inayotoa ukimya kila baada ya sekunde kadhaa.

Dawa yake ni ya kabla, si ya baada. Leseni zinazokubali kukaa kwenye iLok ya USB (kifaa kidogo cha kutunzia leseni) zihamishie huko. Za kampuni ya Waves nazo zinakubali flashi ya kawaida. Ukichomoa na kuchomeka kwenye mashine ya akiba, leseni zimehama nawe. iLok Cloud, yaani leseni zinazokaa mtandaoni, iepuke kwa shoo, kwa kuwa inataka intaneti muda wote. Zile zinazofungwa kwenye mashine tu, angalia zinaruhusu mashine ngapi na uisajili ya akiba sasa hivi. Na plagini isiyokubali lolote kati ya haya haina nafasi kwenye chaneli ya mwimbaji kiongozi, hata iwe tamu namna gani.

## Mradi unafunguka, faili "hazipo"

Mradi mwenyewe ni faili ndogo yenye orodha ya anwani: wimbo huu uko D:\Treki\, ule uko kwingine. Diski uliyorudisha ikipewa herufi E:, orodha nzima imepotea ingawa kila faili ipo. Fungua Disk Management, ipe diski herufi ileile ya mwanzo, ufungue mradi upya. Kwa diski za sauti mimi huchagua herufi za mwisho wa alfabeti ili flashi ya mtu isije kuichukua nafasi hiyo.

Mac haina herufi, ina majina, na ina mtego wake. Diski inayoitwa "Sauti" ikichomolewa bila kuagwa, wakati mwingine folda tupu ya jina hilo hubaki ndani ya /Volumes. Ukiichomeka tena, inapewa njia ya "/Volumes/Sauti 1", ingawa kwenye Finder bado unaiona "Sauti". Programu inakwenda kwenye folda tupu na kukuambia hakuna kitu. Toa diski, hakikisha folda iliyobaki ni tupu kweli, ifute, chomeka tena. Kuwasha upya mashine mara nyingi hufanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Kuzuia yote haya ni kukusanya kila kitu ndani ya folda ya mradi kabla ya kunakili. Ableton Live ina "Collect All and Save", QLab ina "Bundle Workspace", na Reaper inakupa kisanduku cha kunakili sauti zote kwenye folda ya mradi unapohifadhi kwa jina jipya. Baada ya hapo jaribu nakala ukiwa umechomoa diski ya asili. Ukiacha ya asili imechomekwa, mradi utaisoma hiyo hiyo na kukupa jibu la uongo.

## Rekodi ipo, ina GB kadhaa, lakini inasomeka sekunde 0

Umeme ulikatika au programu ilianguka katikati ya kurekodi. Faili ya WAV ina kichwa kidogo mwanzoni kinachotaja urefu wa sauti, na programu nyingi hukijaza mwishoni, unapobonyeza simamisha. Simamisha haikubonyezwa, kichwa kina sifuri, na kila kicheza muziki kinaamini sifuri hiyo. Sauti imo.

Nakili faili kwanza mahali pengine, ufanyie kazi nakala. Kwenye Audacity nenda File, Import, Raw Data. Chagua biti 24 zenye ishara, mpangilio wa little-endian, chaneli 1 kama kila treki ina faili yake, sampuli 48000. Kwenye sehemu ya kuanzia andika baiti 44, ambao ndio urefu wa kichwa cha kawaida. Sikiliza. Ukipata kelele tupu inayojaza skrini juu hadi chini, usikate tamaa: kila sampuli ya biti 24 ni baiti tatu, na ukianza baiti moja pembeni zote zinasomwa zikiwa zimepinda. Andika 45, ikishindikana 46. Moja ya hizo tatu itatoa sauti safi, pengine na mkwaruzo mdogo mwanzoni ambao ni kichwa chenyewe kikisomwa kama sauti. Sauti ikiwa safi lakini nzito na ya polepole, au nyembamba na ya haraka, umekosea namba ya sampuli au ya chaneli.

Dalili inayofanana na hii ni rekodi inayokatika mahali fulani katikati ya shoo. Piga hesabu kabla ya kushuku diski. WAV ya kawaida haiwezi kuzidi GB 4, na diski yenye FAT32 haikubali faili ya ukubwa huo. Treki moja ya biti 24 kwenye 48 kHz hufika kikomo hicho baada ya saa 8 na kitu, kwa hiyo hutaiona kamwe. Lakini chaneli 32 zilizofungwa kwenye faili moja zinafika kwa dakika kama 15 na nusu. Ndiyo maana mikisa zinazorekodi kwenye kadi ya SD hugawa rekodi vipande vipande. Unaponakili kadi, beba folda nzima pamoja na vile vifaili vidogo visivyoeleweka. Ndivyo vinavyoiambia mikisa vipande vinafuatana vipi. Na kwenye kompyuta chagua muundo wa RF64 au W64 ukilazimika kurekodi faili moja ndefu.

## Ripoti inasema "imekamilika", faili haipo

Isome ripoti hadi mwisho. "Imekamilika, faili 1 imerukwa" ni jambo la kawaida, na iliyorukwa mara nyingi ni ile uliyokuwa umeifungua, yaani mradi wa usiku huo. Funga programu ya sauti kabla ya kunakili.

Kama faili ilikuwepo wiki jana na leo haipo pande zote mbili, unatumia kioo badala ya bekapu. Robocopy yenye /MIR, rsync yenye --delete, na huduma zote za kusawazisha hufuta kwenye nakala kile kilichofutwa kwenye asili. Ukigeuza chanzo na kituo kwa bahati mbaya, amri hiyo hiyo inafuta shoo yako nzima kwa utiifu mkubwa. RAID 1 (diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja) nayo ni hivyo: inakulinda diski moja ikifa, haikulindi na kidole. Tumia programu inayotunza matoleo ya nyuma, au folda yenye tarehe kwa kila shoo.

## Mashine mbili zinagombana

Mashine ya akiba iliyotokana na klone ya kuu ina jina lilelile la mtandao, na ikibeba anwani ya IP isiyobadilika, ina anwani ileile. Kila moja peke yake inafanya kazi. Zikiwashwa pamoja, mikisa inaacha kujibu, au njia za Dante (mfumo wa kupitisha sauti kwenye mtandao) zinaunganika na mashine isiyo sahihi. Badilisha jina na anwani ya akiba mara tu baada ya kuiklone, kisha uzijaribu zote mbili zikiwa kwenye swichi moja.

## Diski yenyewe inakufa

Soma SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia, kwa CrystalDiskInfo au smartctl. Mstari wa 05 (sekta zilizohamishwa) na C5 (zinazongoja kuhamishwa) ukianza kupanda, diski hiyo imeshatoka kwenye shoo. C7 (makosa ya mawasiliano) ikipanda peke yake, shida ni kebo; ibadilishe, uangalie kama namba imesimama.

Diski ya sahani ikianza kugonga ndani, usiendeshe chkdsk /r. Amri hiyo inaisomesha diski nzima na kuandika juu ya diski iliyo taabani. Vuta kwanza picha yake kwa ddrescue, ambayo huchukua sehemu nzuri kwa haraka na kurudia mbovu baadaye, kisha urekebishe picha hiyo. SSD haigongi. Inapotea tu, na ulichokifuta humo ni vigumu kukipata kwa sababu TRIM, amri ya kuiambia SSD nafasi ipi haitumiki tena, hukisafisha kabisa.

## Diski ya akiba imekaa muda mrefu, sasa ina vituko

SSD isiyopata umeme hupoteza chaji taratibu. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, kwa SSD za watumiaji wa kawaida ni mwaka mmoja kwenye nyuzi 30, na hapo ni kwa diski iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake. Kasha lililofungiwa kwenye gari juani lina joto kuliko hilo. Iamshe kila baada ya miezi michache na uisome yote.

Hata ikiwaka vizuri, picha ya miezi sita nyuma ina mambo yake. Ikigusa intaneti tu, Windows inaanza kushusha masasisho yote yaliyolimbikizwa na kutaka kuwasha upya. Programu ya ndani ya kadi ya sauti au ya mikisa pengine ilipandishwa toleo katikati, na draiva iliyo kwenye picha ya zamani haiitambui: kadi inaonekana kwenye orodha, chaneli hazitoi kitu. Kwa hiyo ukiiweka diski ya akiba ndani ya mashine, anza ikiwa haina mtandao, linganisha toleo la draiva na la kadi, chomeka iLok, fungua mradi wa shoo ya mwisho, upige wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ukiwa umewasha kurekodi treki zote. Pima kwa saa imechukua dakika ngapi tangu kuzima mashine hadi sauti kutoka, uandike dakika hizo kwenye lebo ya diski pamoja na tarehe ya klone.